Betri Iliyochachisha Maziwa



Mimi ni bwana shamba. Nina cheti cha kilimo. Kazi yangu ni kuzungumza na wakulima juu ya mbolea, migomba na majani ya ng'ombe. Leo nakuandikia habari za betri ya gari. Usishangae. Ndizi hazina miguu. Maziwa hayana miguu. Mazao ya mlimani hushuka mjini kwa gari, na gari haliwaki bila betri.

Tena nina sababu nyingine. Niliwahi kuwashauri watu vibaya juu ya betri, na watu hao walipata hasara. Nataka ujue jinsi ilivyokuwa.

Ninakaa Majengo, mjini Moshi. Lakini kazi yangu iko juu, katika vijiji vya Kibosho. Asubuhi napanda kwa pikipiki, jioni nashuka. Katika kijiji kimoja kuna kikundi cha akina mama 46 wanaofuga ng'ombe wa maziwa. Kila mama ana ng'ombe mmoja au wawili, nao hufungwa zizini. Alfajiri akina mama hukamua, kisha hubeba maziwa hadi kituoni. Hapo hupimwa na kutiwa katika makopo makubwa. Pikapu ya kikundi huyashusha mjini.

Pikapu hiyo ni ya dizeli. Waliinunua mwaka 2016 ikiwa imeshatumika. Mwezi wa Oktoba mwaka 2017 betri yake ilikufa. Akina mama wakaniita.

"Bwana Shamba," alisema mama mweka hazina, "wewe unakaa mjini. Unajua maduka. Tununulie betri."

Nilifurahi. Mtu anayeaminiwa hufurahi. Nilizunguka katika maduka ya spea mjini. Betri za ukubwa ule zilikuwa mbili. Moja iliuzwa shilingi 240,000. Nyingine iliuzwa shilingi 130,000. Zote zilikuwa na kasha jeusi na karatasi yenye rangi nzuri. Niliangalia karatasi. Niliangalia bei. Nikasema moyoni, betri ni betri. Nikachukua ya shilingi 130,000 nikarudi na chenji. Akina mama walinipigia makofi.

Sikudai risiti. Naona aibu kuliandika jambo hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa sikiliza jinsi mlima ulivyotudanganya. Wewe unayekaa mlimani unajua kwamba kwetu hakuna mahali tambarare. Dereva wetu huliegesha gari likitazama chini. Asubuhi huachia breki, gari huteremka kidogo, huingiza gia, na injini hushtuka. Hatumii starta, maana hana haja nayo. Alifanya hivyo kila siku, na kila siku gari liliwaka. Sisi tukadhani betri ni nzima. Kumbe ilikuwa imeanza kufa zamani, na mteremko ulikuwa unaificha. Mjini nako dereva hakuwa akizima injini. Alishusha makopo gari likiwa linanguruma, akapanda tena.

Siku moja ya mwezi wa Machi mwaka 2018, kabla ya masika, dereva alifika Majengo saa 2 asubuhi. Alikuwa na lita 240. Mteja wa kwanza alichelewa kufungua mlango. Dereva akaona dizeli inapotea bure. Akazima injini.

Mteja alipofungua, dereva alizungusha ufunguo. Starta ililia "tik". Akazungusha tena. "Tik." Kisha ikanyamaza kabisa.

Nilikuwa bado nyumbani. Waliniita, nikaja mbio. Vijana wa mtaani walisukuma gari hadi mwisho wa barabara. Halikuwaka. Wakalisukuma kurudi. Halikuwaka. Mwenye teksi mmoja alileta nyaya ili atubusti kwa betri yake. Nyaya zilikuwa nyembamba, zikapata moto hadi plastiki ikaanza kunuka, akaziondoa. Jua la Machi la Moshi unalijua. Makopo yalikuwa wazi juani. Tulipopata betri ya kuazima ilikuwa saa 6 mchana.

Mnunuzi wa maziwa ana kipimo chake. Huchanganya maziwa kidogo na spiriti. Maziwa mazuri hubaki laini. Maziwa yaliyoanza kuchacha huganda vipande vipande. Alipima kopo la kwanza, likaganda. Alipima la pili, likaganda. Hakupima la tatu.

Labda utasema, si mngetengeneza mtindi? Hapana. Mtindi hutengenezwa kwa maziwa safi, tena yaliyochemshwa. Maziwa yaliyoharibikia juani hayafai kwa mtindi. Yalipewa nguruwe, na mengine yalimwagwa.

Lita moja tuliuza shilingi 900. Lita 240 ni shilingi 216,000. Mimi niliokoa shilingi 110,000 kwa kununua betri rahisi. Fanya hesabu mwenyewe.

Nilirudi dukani na betri ile. Muuzaji alinitazama kama mtu asiyenijua. "Risiti iko wapi?" aliniuliza. Sikuwa nayo. Mazungumzo yakaishia hapo.

Akina mama hawakunitukana. Ningeona afadhali wangenitukana. Katika mkutano walikaa kimya. Wiki iliyofuata niliitisha mafunzo juu ya ugonjwa wa kiwele, ugonjwa unaowaua ng'ombe wao titi moja moja. Kati ya akina mama 46 walikuja 9. Nilielewa. Mtu aliyekosea juu ya betri, nani atamwamini juu ya ng'ombe?

Basi nilikwenda kujifunza. Majengo kuna mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari. Ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Nilimsalimu, nikaiweka betri mbele yake.

"Shikamoo, mzee. Nimeletewa aibu na kitu hiki."

"Marahaba. Hakikukuletea wewe tu, mwanangu. Kaa."

Aliibeba kwa mkono mmoja, akaitikisa, akacheka. Kisha akanionyesha sahani alizowahi kuzitoa katika betri nyingine mbili zilizokufa. Hakuifungua yetu. Alinionya kwamba mtu asifungue betri nyumbani, maana tindikali huunguza macho na ngozi. Mimi nilitazama tu.

Ndani ya betri ya gari mna vyumba 6. Kila chumba hutoa volti 2 na zaidi kidogo. Ukijumlisha vyumba vyote unapata volti 12 na kitu. Katika kila chumba zimesimama sahani za risasi, chanya na hasi, zikipishana. Risasi hii ni ile metali nzito na laini ambayo wavuvi hufunga kwenye nyavu zao. Sahani zimezama katika tindikali iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, sahani hushika chumvi nyeupe. Gari linapotembea, dainamo huirudishia betri umeme, na chumvi ile huyeyuka. Lakini betri ikiachwa bila chaji wiki nyingi, chumvi hukauka na kuwa ngumu kama magadi ya jiwe. Hapo hairudi tena. Hata ukiichaji usiku kucha, unajisumbua.

Ufundi huu si mpya. Mfaransa mmoja aitwaye Gaston Planté alitengeneza betri ya kwanza ya risasi na tindikali mwaka 1859. Magari ya kwanza yaliwashwa kwa hendeli. Wazee wetu wanakumbuka malori ya hendeli, na wapo waliovunjwa mikono nayo. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye starta ya umeme. Tangu siku hizo betri ndiyo inayofanya kazi ya mkono.

Nilimwuliza mzee swali ambalo labda nawe unalo. Je, betri za siku hizi ni mbovu kuliko za zamani?

Alinipa sahani ya betri ya zamani. Ilikuwa nene. Akanipa sahani iliyotoka katika betri rahisi. Ilikuwa nyembamba kama kipande cha boksi, nayo ilivunjika mkononi mwangu. Zamani, alisema, kasha lilikuwa la mpira mgumu, na juu palizibwa kwa lami. Chumba kimoja kikifa, fundi aliyeyusha lami, akatoa sahani mbovu, akatia nyingine. Leo kasha ni la plastiki lililozibwa kwa moto. Halifunguliwi ili litengenezwe. Likifa limekufa.

Lakini mzee hakuzisema vibaya betri zote mpya. Sahani nyembamba zina sababu. Zikiwa nyembamba hukaa nyingi katika chumba kimoja, na sahani nyingi hutoa nguvu kubwa kwa mara moja. Nguvu hiyo ndiyo starta inayoitaka. Kiwanda chema hutumia risasi safi na kuzijaza sahani za kutosha. Betri kama hiyo hudumu miaka 3 au 4 ikitunzwa. Ubaya uko kwa wale wanaopunguza sahani ndani ya kasha lile lile. Nje huoni tofauti. Tena wapo wanaochukua betri kuukuu, wakaiosha, wakaibandika karatasi mpya na kuiuza kama mpya. Na zipo betri nzuri zilizotoka kiwandani zikiwa nzima, kisha zikakaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa. Hizo nazo zimeshaanza kufa kabla hujazilipia.

Mzee alipima betri yetu kwa mita. Ilionyesha volti 10 tu. Chumba kimoja kilikuwa kimekufa. Risasi iliyopukutika ilikuwa imejikusanya chini hadi ikaunganisha sahani. Akanieleza pia kwa nini gari halikuwaka hata liliposukumwa. Katika injini yetu kuna kifaa kidogo cha umeme kinachofungua njia ya dizeli. Betri ikifa kabisa, njia hiyo haifunguki. Sukuma hadi Arusha, dizeli haiingii.

Nilipanda Kibosho nikawaeleza akina mama yote hayo. Nikasema nitalipa betri nyingine kutoka mshahara wangu. Walikataa. Mama mweka hazina alisema, "Fedha ni za kikundi, na betri ni ya kikundi. Ila safari hii hatukutumi peke yako. Mimi nakwenda nawe."

Mama huyu hakusoma shule alipokuwa mtoto. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la jioni. Husoma polepole, kidole kikifuata herufi. Husoma kila kitu, hata mifuko ya chumvi. Mara nyingine huchosha kutembea naye mjini, maana husimama kwenye kila kibao.

Tulikwenda na yule mzee fundi. Tulibeba mizani ndogo ya kuning'iniza, ile tunayopimia kahawa. Sisi watu wa mlima huu tunaijua mizani. Chama kikuu cha ushirika wa kahawa, KNCU, kiliandikishwa mwaka 1933, na tangu wakati wa babu zetu tumesimama mbele ya mizani tukiangalia mshale. Muuzaji wa duka la kwanza alicheka alipotuona tukipima betri. Mama mweka hazina hakucheka.

Betri iliyokufa ilikuwa na kilo 13. Betri ya ukubwa ule, ikiwa na maji yake, inatakiwa kufika kilo 17 hivi. Tofauti ni risasi ambayo haikuwamo. Katika duka la kwanza tulipata betri ya kilo 14. Tukaiacha. Katika duka la pili tulipata za kilo 17 na nusu. Zilikuwa mbili zinazofanana, bei shilingi 235,000.

Muuzaji alitupa ile iliyokuwa mbele. Mimi nilikuwa tayari kutoa fedha. Mama mweka hazina aliinama. Alipitisha kidole juu ya kasha, mahali palipogongwa namba ndogo zisizo na rangi. Akasoma kwa sauti.

"Sifuri. Tisa. Moja. Sita."

"Hiyo ni namba ya kiwanda tu, mama," alisema muuzaji.

Mama akainamia ya pili. "Moja. Mbili. Moja. Saba. Na hii nayo ni namba ya kiwanda tu?"

Muuzaji alinyamaza. Mzee fundi aligeuka akatazama barabarani, lakini niliona mabega yake yanatikisika. Betri ya kwanza ilitengenezwa mwezi wa 9 mwaka 2016. Ilikuwa imekaa mwaka mmoja na nusu. Ya pili ilitengenezwa mwezi wa 12 mwaka 2017, miezi mitatu tu kabla ya siku ile. Mimi mwenye cheti sikuziona namba hizo. Nilikuwa natazama karatasi yenye rangi.

Basi, ndugu msomaji, ukienda kununua betri tafuta tarehe. Si kila kiwanda huiandika wazi. Baadhi hutumia herufi kwa mwezi, A ikiwa Januari, B ikiwa Februari, na kuendelea, kisha namba ya mwaka. Mwombe muuzaji akueleze inavyosomwa. Akikuambia haina maana, nenda duka jingine. Betri iliyojazwa tindikali na kukaa zaidi ya miezi 6 bila kuchajiwa mimi siinunui tena, hata kama bei imepunguzwa.

Kisha ipimwe kwa mita mbele yako. Betri mpya iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma chini ya 12.4, imepungukiwa. Na kama fundi ana kile kipima kinachoitwisha betri mzigo kwa sekunde chache, afadhali zaidi, kwa sababu betri mbovu inaweza kuonyesha volti nzuri ikiwa imepumzika. Ni kama punda aliyelala. Huwezi kujua nguvu yake hadi umtwike.

Ziko pia betri zinazouzwa kavu. Tindikali hutiwa siku unayonunua. Hizi zina faida, maana hazichakai upesi dukani. Lakini wauzaji wengi wana haraka. Humimina tindikali na kukupa hapo hapo. Betri hiyo inatakiwa ipumzike nusu saa hivi, kisha ichajiwe kabla ya kuingia garini. Kubali kusubiri. Kunywa chai.

Soma pia saizi. Betri nyingi za magari ya Kijapani zina maandishi kama 75D31R. Namba ya kwanza ni ya nguvu, na ikizidi, nguvu huzidi. Hiyo 31 ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho huonyesha upande kilipo kichwa cha chanya. Ukikosea herufi hiyo waya wa gari haufiki. Njia rahisi ni kuandika maneno ya betri iliyotolewa na kwenda nayo dukani. Angalia na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, lakini usiishie kwenye alama. Watu wanaoghushi betri hawashindwi kuchapa alama.

Na risiti. Mama mweka hazina alimfanya muuzaji aandike juu ya risiti tarehe, namba ya betri na maneno haya: ikifa kabla ya miezi 12 itabadilishwa. Muuzaji alilalamika kwamba kalamu imekwisha wino. Mama alimpa ya kwake. Ukiuziwa bidhaa bandia unaweza kushitaki kwa Tume ya Ushindani, lakini bila risiti utashitaki nini?

Tulirudisha betri kuukuu kwa muuzaji, naye akatupunguzia bei. Nitalirudia jambo hilo.

Ningependa kukuambia kwamba taabu ziliisha siku ile. Hazikuisha. Mwezi wa Julai baridi ya Kibosho ilishuka. Tulikuwa tumemkataza dereva kutumia mteremko kila siku, ili tujue hali ya betri. Asubuhi moja starta ilizunguka kwa uzito, kama mzee anayepanda ngazi. Akina mama walinitazama wote kwa pamoja.

Nilitaka kukimbilia dukani na risiti yangu. Mzee fundi alinizuia. Alisema joto ndilo linaloua betri, baridi hufichua tu ugonjwa uliokuwapo. Kwa hiyo tutafute ugonjwa. Aliwasha injini akapima. Injini ikinguruma, betri inatakiwa isome volti kama 14. Yetu ilisoma 12.9. Betri ilikuwa nzima. Ilikuwa na njaa. Mkanda wa dainamo ulikuwa umelegea, na vichwa vya betri vimeota unga wa kijani na nyeupe. Alikaza mkanda. Aliosha vichwa kwa maji ya moto yenye magadi, akiangalia yasiingie kwenye matundu. Akapaka grisi. Hakutudai hata shilingi 10,000.

Nakuambia hili kwa sababu watu wengi hutupa betri nzima na kununua nyingine, kisha ya pili nayo inakufa, wakasema betri zote za siku hizi ni takataka. Pima dainamo kwanza.

Tena tuligundua kosa letu jingine. Mlinzi wa kituo alikuwa akichukua umeme wa betri usiku. Alichaji simu za nusu ya kijiji, na redio, na taa. Hakuwa mwizi, hakujua. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha irudishiwe upesi. Ukiimaliza kidogo kidogo usiku kucha, mara kadhaa tu, umeiua. Kwa ajili hiyo ipo betri ya sola, yenye sahani nene. Usimwoze mmoja kazi ya mwenzake. Ukimwona mtu anauza betri ya gari kwa ajili ya paneli yako ya sola, mwambie akuonyeshe ya sola.

Na maji. Kama betri yako ina vifuniko, angalia maji kila mwezi, na mara nyingi zaidi ukikaa tambarare kwenye joto, kama Kahe au Chekereni. Sahani zisionekane kavu. Ongeza maji ya betri yanayouzwa kwenye chupa, basi. Usiongeze tindikali. Nimemwona mkulima akiongeza maji ya mfongo. Aliniambia, "Maji haya yanatoka kwenye theluji, hakuna maji safi kama haya." Ni safi kwa kunywesha migomba. Lakini yamepita juu ya mawe na udongo, yana chumvi chumvi zake, nazo huharibu sahani. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye kutu nayo yaache. Usiangalie matundu ya betri kwa kiberiti wala ukiwa na sigara. Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Ukiifungua kutoka garini, toa waya wa hasi kwanza, na ukiirudisha, huo uwe wa mwisho.

Nilisema nitarudia habari ya betri kuukuu. Hapa nasema kama bwana shamba. Usiitupe mgombani. Usiivunje ili upate risasi ya kuyeyusha jikoni. Risasi huingia katika udongo na haiozi. Huingia katika damu ya mtoto na kuidhuru akili yake, na mtoto huyo hatoki damu wala hapati jeraha la kukuonya. Huko Mombasa, nchini Kenya, kuna mtaa uitwao Owino Uhuru. Hapo palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mama mmoja aitwaye Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Mama huyo alipigania kiwanda kifungwe, na mwaka 2014 kikawa kimefungwa. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha nyingi, lakini hazitoi risasi katika damu. Kwa hiyo betri yako kuukuu ibaki nzima, na tindikali yake ndani. Mrudishie muuzaji anayeikusanya. Ina thamani, naye anajua. Mdai akupunguzie.

Betri tuliyoinunua Machi 2018 ilidumu hadi Mei 2021. Ni miaka 3 na miezi 2. Ilipoanza kuchoka hatukusubiri itulaze Majengo. Ilipimwa, ikaonekana, ikabadilishwa siku ya Jumamosi mchana, maziwa yakiwa yameshauzwa. Sikwenda dukani. Mama mweka hazina alikwenda na dereva, na mizani.

Kikundi kina daftari la gari. Ndani yake mama ameandika kwa mkono wake siku ya kununua, namba ya betri, volti, siku ya kuongeza maji, siku ya kukaza mkanda. Nilipowatembelea mara ya mwisho kwa mafunzo ya kiwele walikuja akina mama 41. Kabla sijaanza kuzungumza, mama mweka hazina alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye mstari wa mwisho, akaniambia, "Bwana Shamba, kesho ukipanda, tuletee chupa mbili za maji ya betri. Na risiti."

Nilizipeleka zote mbili, na risiti.